Amekubali Kupumzika

Tangu mazishi ya shemeji yake, Shamim alikuwa hathubutu kumwacha mumewe peke yake chumbani. Akienda kuteka maji, alimwomba jirani yake Ayikoru akae mlangoni na kuchambua maharage. Darasa lake la jioni, alilokuwa akilipenda kama peremende, aliliacha.

Sulaimani hakuwa na ugonjwa wa kupimwa damu. Alikuwa bodaboda aliyejulikana toka Koboko hadi mpakani Oraba, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, mpaka siku ile lori lilipowagonga, yeye mbele, mdogo wake Kamisi nyuma. Yeye aliinuka na mchubuko wa goti. Kamisi hakuinuka. Wakamzika Koboko, kisha Sulaimani akawachukua mke na mtoto wakahamia Arua, chumba kimoja, na humo akawa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta. Binti yao Zam alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa, baba hakumgusa.

"Hii mikono hapana beba mutu tena," alisema.

Na jioni moja, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Bila mimi nyinyi mutakuwa salama."

Usingizi ukamhama Shamim. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, naye katika kutapatapa kwake akashika kitu ambacho wengi wangekicheka: matembezi. Mwalimu wa jioni aliwahi kuuchora mto Nile ubaoni, na kule chini ya mji wa Rhino Camp akatia visiwa vidogo kama punje za simsim. Huko, alisema, kuna majani, ndege, wavuvi wawili watatu, basi. Maneno yale yakamrudia Shamim akifua nepi. Huko hakuna aliyemjua Kamisi. Huko hakuna lori.

Ayikoru alikuwa na skuta ya kijani, isiyo na gia, ambayo mumewe Raphaël, muuza vitenge, aliitoa kwao Kongo.

"Niazime," Shamim akamwambia.

"Ataendesha nani?"

"Mimi."

"Mama Zam! Juzi baiskeli imekutupa ndani ya mihogo."

"Mihogo ilikuwa laini."

Ayikoru akaanza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Chukua. Ukiivunja, mwambie Raphaël imevunjika yenyewe."

Akajifunza katika uwanja wa mpira, watoto wakimzomea. Jioni akaipanga safari kwa sauti mbele ya mgongo wa mumewe. Hawatakimbia, alisema. Watatoka baada ya alfajiri, wanawake wa Aroi wakiwa wanaingiza mihogo mjini. Wakichoka, watasimama. Wakifika mtoni, skuta itapanda feri, nao watapanda, feri itawashusha kisiwa cha kwanza. Watatandika mkeka. Hakuna atakayewauliza kitu. Kila jioni aliongeza jambo: chapati, kivuli, Zam akichezea mchanga. Ukuta haukujibu, na mgongo nao haukujibu. Mara nyingine maneno yalimwishia katikati, akabaki anahema, akijiuliza kama si yeye aliyerukwa na akili.

Alhamisi mgongo ukasema, "Hiyo skuta ni kiti ya choo na magurudumu."

Shamim alicheka hadi akajishika ukutani, na kicheko kikageuka kitu kingine, akatoka nje ili mumewe asikisikie.

Ijumaa Sulaimani akasema, "Sawa. Twende. Mimi nachoka. Mimi nataka pumzika."

Kwa furaha Shamim akakimbilia simu. Katika nyumba alimozaliwa Sulaimani mtu havuki maji bila dua ya mama, na mama alikuwa Mariam Poni, mjane wa askari, aliyebaki Koboko. Tangu mazishi alikuwa hajapiga simu. Sulaimani aliusoma ukimya huo kama hukumu: mama anajua nani alimuua Kamisi. Shamim aliona huu ndio wakati wa kuuvunja. Akaandika kwa Kiswahili chake safi cha darasani, nusu ya moyo wake ikijivuna: *Mama, Sulaimani amekubali kupumzika. Kesho asubuhi tunamvusha mto. Tunaomba dua zako.* Ujumbe ukaenda, na simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Hakukuwa na pa kuichaji.

Jumamosi asubuhi skuta ilinguruma uani, mkeka umefungwa nyuma. Ilibaki jambo moja tu. Shamim angeendesha, kwa hiyo Sulaimani ndiye angempakata mtoto.

"Mchukue," akasema.

Sulaimani alisimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Baba Zam, mchukue tu. Mimi siwezi kuendesha na kumshika. Feri haitatungoja. Nakuomba. Nakuomba kwa Mungu."

Zam akamnyooshea baba yake vidole. Sulaimani akarudi hatua moja ndani.

Hapo ndipo pikapu ilipoingia uani, imejaa wanawake, sufuria na mikeka, na kilio kikitangulia mbele yake. Sulaimani akamwona aliyekaa karibu na dereva. "Mama nakuja kunilaumu," akanong'ona, akajificha nyuma ya pazia.

Mariam Poni hakushuka; alianguka. Akajipiga kifua vumbini.

"Mungu! Wewe nachukua Kamisi, mimi nanyamaza! Sasa na huyu? Mimi ndiye natuma Kamisi Oraba siku ile! Mimi! Sulaimani nasema lori ni mingi, mimi nasema nenda na ndugu yako! Na uso gani mimi ningepiga simu? Sasa na yeye nakwisha, mwanangu, nakwisha bila mimi kusema!"

"Mama," Shamim akasema, "nani amekufa?"

Jirani wa mama mkwe, Stella Kiden, fundi cherehani aliyemsomea ule ujumbe, alimtazama Shamim kama mwehu. "Wewe mwenyewe naandika! Amekubali kupumzika. Kwa nyumba ya askari watu hapana sema mutu nakufa. Nasema mutu nakubali kupumzika. Na kuvusha mto, mimi nafikiri munamzika ng'ambo! Usiku mzima simu yako imezimwa!"

Pazia likasogea. Sulaimani akatoka.

Stella Kiden alirudi ndani ya pikapu bila kugusa ngazi. Wanawake wawili wakakimbia, mmoja na kifuniko cha sufuria mkononi. Mariam Poni peke yake hakukimbia. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni, akainuka, akamzaba kofi, kisha akamshika kwa mikono miwili kama anayezuia mtu asipeperuke.

"Hapana wewe," alikuwa akirudia. "Hapana wewe, mwanangu. Mimi."

Sulaimani akalia. Miezi yote ile hakuwa amelia.

Shamim alisimama kando na Zam kiunoni, na badala ya furaha, baridi ilimpanda mgongoni. Mumewe alizaliwa katika nyumba hiyo ya askari. Neno hilo alilijua tangu utoto. Mimi nataka pumzika. Naye, mke msomi, alikuwa amempangia mto, na feri, na mahali pasipo watu.

Alingoja hadi wanawake walipowasha moto. Maharage ya matanga yalikuwa yamekuja, yangeliwaje mabichi? Akamvuta mumewe kando ya skuta.

"Jana ulisema unataka kupumzika. Kupumzika kupi?"



"Jana mimi hapana jua," Sulaimani akasema. "Kweli, hapana jua."

"Na leo?"

"Leo nasikia njaa."

Sulaimani akapitisha kiganja juu ya kiti cha skuta, akaiminya breki, akakunja uso kama fundi.

"Breki imelegea. Na wewe ungetuua wote na hii kitu. Mimi ndiye naendesha." Kisha, bila kumtazama: "Feri, Jumapili iko?"

Shamim hakujua.

"Iko," akasema upesi, na alipoona mumewe amegeuka kwenda kwa mama yake, akakimbia kwa Ayikoru kuuliza.