Tani Moja Mlangoni kwa Idwal

Kila mwezi lori la mgodi lilikuja mtaani kwetu na kumwaga tani moja ya makaa ya mawe mbele ya mlango wa kila mchimbaji. Kuyaingiza ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Kila mtu alitoka na ndoo yake, tukapita ndani ya nyumba ya mwenyewe mpaka kibandani uani, na baada ya nusu saa njia ilikuwa imefagiwa. Hakuna aliyeombwa. Ndivyo tulivyolelewa bondeni kwetu.

Kwa Idwal Prosser hatukwenda. Miaka ishirini hatukwenda.

Mwaka wa mgomo tulikaa miezi saba bila kazi na bila makaa. Tulichokora jalala la mgodi kwa vidole, tukitafuta vipande vya kuchemshia maji. Asubuhi moja ya Novemba dohani moja tu ilitoa moshi, ya jirani yangu Idwal, na kila mtu akajua ni nani aliyerudi kazini. Wiki hiyohiyo binti yangu Eluned alikufa kwa kifua. Alikuwa na miezi tisa. Kati yake na moto ule palikuwa na ukuta mmoja.

Sasa Idwal naye alikuwa anakufa kwa kifua. Vumbi la mgodi lilikuwa limemjaa mapafuni, na daktari alisema chumba chake kisipoe hata usiku mmoja. Mwezi uliotangulia mkewe, Morfydd, aliingiza ndoo kumi tu. Asubuhi lundo lote lililobaki lilikuwa limeibwa, wakaishia kuchoma viti. Kisha Morfydd akateleza kwenye barafu, akavunjika kiwiko.

Jumamosi hiyo ya Januari lori lilimwaga makaa, likaondoka. Tulisimama milangoni tukimtazama Morfydd akivuta ndoo kwa mkono mmoja.

"Polepole, mama, utamwaga dhahabu!" Tegwen, jirani wa ng'ambo, alimpigia kelele. Watu wakacheka.

Morfydd aliiweka ndoo chini, akanijia. "Gwenllian, mwenzangu, nakuomba. Theluji inakuja, na mkono wenyewe ndio huu. Yakilala nje yataibwa tena."

"Kwani yale ya mwaka ule yameisha?" Tegwen akadakia.

Nilikuwa nimetoka kwenye maombi, Biblia bado iko kwapani. Nikamwambia, "Tutakuja sote. Ila kwanza mumeo afungue dirisha, aseme mwenyewe alichofanya."

"Baridi hii itamuua, dada."

"Basi beba."

Alilitazama lundo, akalitazama wingu juu ya mlima. Akaingia ndani.

Baadaye dirisha likafunguliwa. Idwal alikuwa ameketishwa kwenye kiti, blanketi mabegani, midomo ya buluu.

"Nilivunja mgomo," alisema.

"Sikusikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia.

Alivuta pumzi, ikakwaruza kama koleo juu ya mawe. "Nilivunja mgomo."

"Ongeza sauti, mzee!" Tegwen alisema. "Mbona siku ile ya mshahara ulikuwa na mbio?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Idwal alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili, akaniangalia mimi peke yangu.

"Nilimsikia akilia," alisema. "Mtoto wako. Ukutani. Nikaongeza makaa, moto uvume, nisimsikie."

Niliweka Biblia dirishani kwangu, nikachukua ndoo.

Tukabeba. Wanaume walijaza, wanawake tukapokezana, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani kama tulivyozoea. Tukauitikia kwa sauti nne, tukipita mbele ya mlango wa chumba chake, kwenda na kurudi. Nilijisikia mwepesi. Nilidhani huko ndiko kusamehe.

Ndoo ya mwisho niliipeleka mwenyewe chumbani. Dirisha lilikuwa bado wazi, na theluji ilikuwa inaingia, ikimwangukia Idwal magotini bila kuyeyuka. Macho yake yalitazama upande wa mlango wangu bila kupepesa. Morfydd alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, akijaribu kuwasha gazeti kwa mkono mmoja. Kiberiti kilizimika, akawasha kingine. Nje walikuwa wanaumalizia ubeti wa mwisho.

"Morfydd," nikasema.

"Funga hilo dirisha," alisema bila kugeuka. "Umeshasikia, si ndiyo?"

Nililifunga. Kisha nikapiga magoti kando yake, nikampangia makaa, vipande vidogo chini, vikubwa juu, na nikashika gazeti jingine mbele ya meko livute hewa mpaka moto ukashika. Tukakaa tukiuangalia. Hakuna kati yetu aliyegeuka kukitazama kile kiti.