Isaac Thexton Aruka, Mtaa Washuka

Jumatatu asubuhi Agnes Thexton alikuwa anaanika shuka alipoona kwamba kizingiti cha mlango wake kimeshuka chini ya barabara kwa inchi tatu. Jumamosi iliyopita mwanawe, Isaac, alikuwa amevunja rekodi yake ya kuruka kwa upondo, kwa inchi tatu. Agnes akamaliza kuanika.

Isaac alikuwa mchimbaji katika mgodi wa chuma wa Lindrigg, kaskazini mwa Uingereza. Aliruka kwa mtindo wa kwao: anachomeka upondo ardhini, anauparamia mkono juu ya mkono ungali wima, kisha anajitupa ng'ambo ya ufito. Kila alipoongeza kimo, mtaa wao ulishuka kadiri ileile, nyumba zote kumi na nne, bila kikombe kuvunjika. Watu wakaongeza vidato milangoni.

Mwaka 1908 alichaguliwa kwenda kwenye Olimpiki, London. Jirani yao, Dinah Casson, alimsubiri nje ya mgodi.

"Huko uruke kidogo tu, mwanangu. Mzee wangu hawezi ngazi, kifua kimejaa vumbi."

"Nitajitahidi kushindwa, Bi Dinah."

Lakini uwanjani, alipoushika upondo na kusikia jina lake likitangazwa, alitaka sana kupita. Akapita, futi nzima zaidi ya alivyowahi. Akawa wa tano.

Aliporudi, mzee Casson hakuwa ametoka nje kwa siku sita. Meneja wa mgodi aliwaita watu kanisani.

"Kampuni inasikitika," alisema, "lakini aliyezishusha nyumba zenu mnamjua."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Nusu yao walikuwa wakichimba chini ya mtaa huohuo, na hakuna aliyelitaja hilo. Isaac akatoka, akaukata upondo wake vipande vinne kwa msumeno. Wakampigia makofi.

Kesho yake alipangiwa kubomoa nguzo ya mawe iliyoachwa mgodini kushikilia dari chini ya nyumba ya akina Casson, kwa kuwa ilikuwa na chuma kizuri. Akaibomoa. Kufikia Ijumaa mtaa ulikuwa umeshuka futi tatu zaidi.

Dinah akagonga dirisha la akina Thexton.

"Umeruka wapi tena, Isaac?"

"Sijaruka, Bi Dinah. Nilikuwa kazini."

"Basi uliota unaruka."

Isaac akafikiri. Kweli, aliota. Akamwomba radhi, akavaa kofia, akatoka kwa kupitia dirishani, kwa kuwa mlango ulikuwa umezama, akaenda zamu.