Majina Mawili ya Novemba

Mwezi Juni karatasi ya kura ilikuwa na majina saba. Watano walikuwa wa chama chetu, wawili wa chama kinachotaka kufunga visima vyetu vya kumwagilia lozi. Hapa California wagombea wa vyama vyote hushindana pamoja Juni, na wawili wanaoongoza ndio wanaokwenda Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Nilimsihi shemeji yangu Orval, mmoja wa watano wetu, ajitoe. Akakataa. Watano wetu wakagawana kura, wale wawili wakapita.

Jana Orval alinikuta jikoni na karatasi ya Novemba, iliyoletwa na posta.

"Usimpe hata mmoja, shemeji. Andika jina langu."

"Novemba hairuhusiwi. Hawatalihesabu."

"Basi acha wazi. Huu ni uchaguzi gani?"

"Majina yalikuwa tele, ukaona hayatoshi bila lako."

"Kwa hiyo unanilaumu?"

"Nakulaumu. Na mimi najilaumu, maana nilikupigia kura."

Mke wangu Marlene akaacha kuosha vyombo. Nikachukua kalamu, nikajaza kiduara cha mwanamke aliyeahidi kufunga visima baada ya miaka mitano. Mwenzake alisema miwili.

"Unampigia huyo mbele yangu?"

"Miaka mitano nitavuna. Wewe una mingapi ya kunipa?"

Orval akachukua kofia, akatoka bila kumuaga hata dada yake.

Bahasha ya kura hutiwa sahihi, na sahihi isipofanana na ile waliyo nayo maofisa wa uchaguzi, kura huwekwa kando. Nikakaa nikisubiri mkono uache kutetemeka.