Kifaranga Mlangoni

Simu ilitetemeka juu ya sinia, na sinia likaanza kuimba. Bibi aliiweka pale makusudi, maana ikiwa chini ya mto huwa haisikii. Alinyoosha mkono gizani akaizima, akakaa kitako kitandani akipapasa miwani. Nje bado kulikuwa giza totoro. Ilikuwa Jumamosi, na alfajiri za Jumamosi na Jumapili ndizo mjukuu wake alizoruhusiwa kucheza mchezo wake kwenye simu ya mama yake.

Mjukuu huyo alimlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa na maneno mengi mpaka fundi viatu wa jirani akambandika jina la Chiriku, na jina likashika. Anaosha vyombo anaongea, anasukwa nywele anaongea, usingizi unamchukua bado anaongea. Kisha mama yake, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa kazi mji wa mbali, akamchukua mwanawe. Hilo Bibi hakulilalamikia, mtoto na mama yake. Aliwafungia mizigo, akapanda nao basi, akawapangia vyombo kabatini, akarudi kwake. Ukimya wa nyumba aliuzoea. Asichokizoea ni simu za Jumapili. Mwanzoni Chiriku alikuwa akiongea mpaka chaji inaisha. Siku hizi ukimuuliza habari za shule, "Nzuri." Umekula? "Ndiyo." Haya mama, nipe mapya. "Hakuna, Bibi." Na simu inarudi kwa mama yake.

"Mama, usijali," binti yake alimwambia. "Ana wenzake kwenye mchezo, wanajenga sijui kijiji. Huko ndiko anakoongea."

Bibi alitembea na neno hilo siku kadhaa. Kama mtoto anaongea huko, basi huko ndiko kwa kumfuata. Akaenda kwa fundi simu, mama mmoja mwenye kibanda mkabala na duka la dawa, akamweleza shida yake bila haya. Fundi hakucheka. Aliuweka mchezo, akakuza herufi mpaka zikawa kama za bango, akainuka kwenye kiti chake na kumkalisha Bibi, akamfundisha kutembea kwa kidole gumba huku wateja wakingoja.

"Taratibu, mama. Hapa unakwenda, hapa unaandika. Ukikwama, njoo tu, wala usione tabu."

Chiriku alipoambiwa, alipiga ukelele. "Wewe Bibi? Kwenye mchezo? Hutaweza!" Lakini alimpa neno la siri la kuingilia kijijini kwao, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kicheko. Kwa kicheko hicho Bibi angejifunza hata kurusha ndege.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mchana mnakata miti na kujenga. Honi ikilia, usiku unaingia na fisi wanatoka msituni, na kila mtu anakimbilia nyumba iliyo karibu naye, iwe ya yeyote. Mmoja akikamatwa, kundi zima linapoteza nusu ya mbao, na aliyekamatwa anaanza upya.

Kijijini walikuwamo watoto watatu, kila mmoja na jina la kujipachika. Kiongozi alijiita Jemadari. Wa pili Mwewe. Chiriku alijiita Radi. Bibi akatokea katikati yao amevishwa kofia ya njano, akaandika kwa kidole kimoja: "Hamjambo watoto. Mmeamkaje nyote?"

"Nani tena huyu?" Jemadari akaandika.

"Kifaranga tu," akajibu Radi. "Atajifunza."

Kifaranga ndilo jina walilowapa wageni wote, na kofia ya njano ndiyo alama yao mpaka wenyeji wawakubali. Jina halikumuuma Bibi. Maisha yake yote, kila alikokwenda kuanza kitu, alikuta jina la mgeni limeshamtangulia. Kwenye karakana ya kushona sare, alikoingia akiwa msichana, mgeni aliitwa Sindano Butu, naye akaliitikia mpaka alipokuja mwingine wa kulirithi. Alichokumbuka zaidi cha siku zile hakikuwa kicheko. Alimkumbuka mwanamke wa mashine ya vifungo, ambaye bila kusema neno alichukua kigoda chake na kumsogezea karibu na dirisha, penye mwanga. Kwa hiyo kifaranga, aa, hilo alilimeza. Kilichomkwama kooni ni lile "tu". Chiriku hakusema huyu ni bibi yangu.

Basi akakata miti. Aligonga mti mmoja muda mrefu kabla ya kugundua kwamba ni jiwe. Mwewe alipopita karibu, Bibi alisimama akamuuliza kama ameshakunywa chai. Mwewe akaandika, "Bado. Nyumbani wamelala."

Honi ikalia.

Watoto walitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nyumba iliyokuwa karibu na Bibi ilikuwa ya Jemadari, na mlango wake ulikuwa wazi. Bibi akafika, akasimama kizingitini. Akaandika: "Hodi."

Kimya. Fisi walishaanza kulia msituni.

"Hodi wenyewe."

Ndani, Jemadari alikuwa ameshughulika kuwasha moto, hasomi kitu.

"Hodi humu ndani," Bibi aliandika mara ya tatu, na asipojibiwa akafanya anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu. Akageuka aende zake. Fisi wakamkuta katikati ya uwanja.

"Mbao zetu!" Jemadari aliandika. "Kifaranga, si ulikuwa mlangoni kwangu? Kwa nini hukuingia?"

"Sikukaribishwa, mwanangu."

"Eti nini?"

"Jamani alikuwa anabisha hodi!" Mwewe akaandika. "Soma juu! Hodi, hodi, hodi! Fisi ndio waliomwambia karibu!"

"Mbichi huyu! Limbukeni wa malimbukeni!" Jemadari akaandika, na hahaha tele nyuma yake.

Radi hakuandika kitu. Usiku wa pili wa mchezo ulipoingia, Bibi alijiapiza kwamba ataingia bila kuuliza. Alifika kwa Mwewe, akaunyanyua mguu wa yule mtu wake mdogo, na kidole chake chenyewe kikaenda kwenye herufi. Hodi. Fisi hao.

Jemadari hakucheka safari hii. "Kwetu kifaranga akitumalizia mbao mara mbili, tunapiga kura. Kesho. Asipopata hata mtu mmoja wa kumtaka, anatoka na harudi."

Bibi alikuwa jikoni akichochea chai simu ilipolia. Alikuwa Chiriku, na alinong'ona kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Bibi, usibishe hodi. Ingia tu."

"Kwenye nyumba ya mtu?"

"Ni mchezo, Bibi!"

"Najua ni mchezo, mama. Kichwa kinajua. Mkono ndio unakataa."

Alidhani mtoto atacheka. Hakucheka. Bibi alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, akazima jiko ili asikie vizuri.

"Bibi, mimi shuleni wananiita Kuruta."

"Nani wanakuita?"

"Wote. Siku ya kwanza mama alinishusha getini akakimbilia zamu. Nikaenda darasani. Mwalimu alikuwa hajaja. Nikabisha hodi, kama ulivyonifundisha. Wakanitazama tu. Nikabisha tena. Hawakusema karibu, sasa nikasimama nje. Nikasimama mpaka mwalimu akaja akanikuta ukutani, darasa zima likacheka. Mpaka leo nikipita wanasema, hodi hodi, Kuruta." Sauti ilianza kukatika. "Kule kwenye mchezo hakuna anayenijua. Mimi ni Radi. Halafu na wewe ukaja ukabisha hodi."

Bibi alivuta kigoda akakaa. Hakusema usilie, maana machozi yaliyokaa muda mrefu hivyo yana haki ya kutoka. Alingoja. Mtoto alipotulia kidogo akamwambia habari za karakana, na kwamba yeye huyu anayeongea aliitwa Sindano Butu mchana kutwa, hata na mpishi.

"Ulifanya nini?"

"Nililia chooni. Kisha nikaendelea kushona."

"Na jina likaisha?"

"Liliisha lenyewe, siku ambayo sikumbuki. Hakuna aliyelifanyia sherehe." "Ulikuwa mtoto mzuri pale mlangoni, mama. Wao ndio walikuwa na deni la neno moja. Lakini nakuuliza, na usinifiche. Ungependa nisije tena kule kwenye mchezo? Nikikuaibisha, niambie. Sitakasirika hata kidogo."

"Sijui, Bibi," Chiriku alisema, akakata simu.

Jumapili sinia liliimba, lakini Bibi alikuwa macho zamani. Aliingia kijijini akiwa ameshajiambia kwamba ataaga vizuri, mmoja mmoja, kisha atoke kabla hajatolewa, asimtie mtoto kwenye mtihani. Aliandika, "Mmeamkaje, watoto wangu. Mwewe, leo umepata chai?" Alikuwa bado anatafuta herufi za kuagia Jemadari alipomkatiza.

"Kura. Nani anamtaka kifaranga huyu?"

Hakuna aliyeandika. Bibi alimtazama yule mtu mdogo wa Radi aliyesimama kando ya kisima, hasogei.

"Mimi," Radi akaandika. Kisha, baada ya muda, "Ni bibi yangu."

"Bibi yako kivipi?"

"Bibi. Aliyenilea. Anabisha hodi kwa sababu ndivyo alivyo, na mimi pia ndivyo nilivyo. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize."

Kijiji kizima kilisimama.

"Bibi wa kweli?" Mwewe akauliza. "Mwenye mvi?"

"Mvi tele, mwanangu," Bibi akaandika.

"Shikamoo," akaandika Jemadari, haraka mpaka herufi zikapandana, akafuta akaandika upya. "Shikamoo, Bibi. Jana nilikuita limbukeni."

"Marahaba. Nawe hukusema uongo. Nina siku mbili tu humu."

"Mimi pia namtaka," akaandika Mwewe. "Tangu nianze kucheza hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekunywa chai. Na leo nimekunywa, Bibi."

"Sawa, lakini mbao jamani," Jemadari akalalamika. "Akisimama tena mlangoni?"

"Si tumwambie karibu?" Mwewe akaandika. "Neno moja. Aliye ndani amwandikie aliye nje."

"Fisi wanakuja, nani ana muda wa kuandika?"

"Wewe unao muda wa kuandika hahaha mara kumi."

Honi ikalia wakiwa bado wanabishana. Bibi alikimbia kwa kadiri ya kidole chake, akafika kizingitini kwa Jemadari, akasimama. Kabla hajagusa hata herufi moja, maneno yakaanza kumiminika kwenye kioo: "Karibu. Karibu Bibi. Karibu ingia jamani Bibi INGIA." Akaingia. Mlango ukafungwa na fisi wakabaki wakilia nje. Bibi alicheka peke yake kwenye chumba chake mpaka akavua miwani aifute.

Kofia ya njano haikumtoka siku hiyo. Jemadari alisema sheria ni sheria, kifaranga atabaki kifaranga mpaka ajue tofauti ya mti na jiwe.

Jua lilikuwa limeshachomoza Chiriku alipopiga, na hakunong'ona. Alianza na fisi, akaenda kwa Mwewe, akarukia hesabu za kugawanya, akasimulia viatu vyake vinavyobana, Bibi akawa anatia "ehee" pale alipopata nafasi. Shuleni walikuwa bado wanamwita Kuruta. Ijumaa walimwita mara nyingi tu. Lakini kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la nyuma ambaye hakumwita hivyo hata siku moja, na ndiye aliyemwonyesha ni bomba lipi linalotoa maji.

"Huyo nisalimie," Bibi alisema. "Umwambie bibi yako anamshukuru kwa bomba."

"Bibi! Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi msalimie tu."

"Nitamsalimia." Kwa nyuma mama yake alisikika akimwita akaoge. Chiriku hakuikata simu. "Bibi."

"Naam, mama."

"Ulikuja huku mara moja tu, siku ile tunahamia, na hukulala. Uje tena. Siyo kwenye simu. Uje mwenyewe."

"Nije lini?"

"Wewe uje tu, Bibi. Utalala na mimi."