Uwanja Usio na Kulia

Jana nilipojilaza tu, niliota naendesha teksi yangu kwenye uwanja wa mbio wenye umbo la yai: njia mbili ndefu zilizonyooka, kona nne, na kila kona imeinuka upande wa nje kama ukingo wa sinia.

Kona ya Kwanza ananisimamisha. Ana sauti ya baba mdogo, yule aliyeniambia kwenye mazishi ya baba, "Jikaze, mwanaume halii." Nami nikajikaza kweli. Wiki ya tatu sasa, hata tone.

"Shikamoo, Kona."

"Marahaba. Hapa tunakata kushoto tu. Hakuna kulia."

"Kulia kwa usukani au kwa machozi?"

"Kote kuwili. Hata ugali utaula kwa kushoto."

Natazama usukani. Nusu ya kulia haipo, imekatwa kama mkate.

Kona ya Pili ananipa chai kwa mkono wa kushoto, bila haya. Kona ya Tatu anauliza kama nimeoa. Halafu namwona baba. Amesimama nje ya ukuta, upande wa kulia, na koti lake la kahawia na begi la safari. Ananipungia. Nampita kwa kasi.

Mzunguko wa pili, baba ana kimo cha meza. Wa tatu, kimo cha birika.

"Umebaki mmoja," anasema Kona ya Nne. "Kisha anaondoka."

"Lakini sijamuaga!"

"Si ulikuwa unajikaza?"

Navuta usukani, haukati. Napiga honi. Namtukana Kona, mtu mzima yule, Mungu anisamehe. Baba sasa ni mdogo kama kibiriti, ila sauti ni ileile iliyokuwa ikiniamsha niende shule.

"Mwanangu, kulia hakuhitaji usukani."

Nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, kona zote nne zikiwa zimeduwaa, na gari likakata kulia lenyewe.

Niliamka mto umelowa. Hilo si ajabu. Nikatoka uani kuwasha gari. Kila jioni naliegesha magurudumu yakiwa yamenyooka, ndivyo baba alivyonifundisha. Milango ilikuwa imefungwa, ufunguo ninao mkononi.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekata kulia.