Betri ya Mtu Mkubwa

Jirani Eridadi aliapa kwamba shetani wa mlimani ndiye aliyetoa moshi kwenye gari la Musitafa pale darajani, na kwamba alimwona kwa macho yake, ana pembe.

Ramula, bintiye Musitafa, alijua sababu yenyewe. Ni yeye aliyepima mahali pa betri kwa kamba ya mgomba, akafunga mafundo ya urefu, upana na kimo. Baba yake alipokwenda kununua betri mpya, aliiacha mezani.

"Mimi mutu mukubwa niingie duka ya Kasese na kamba ya mwanamuke?"

Huko akanunua betri kubwa kuliko zote. Boneti ilifungwa kwa kukaliwa. Gari liliporuka darajani, chuma cha boneti kikagusa vichwa vya betri, cheche zikatoka, kisha moshi.

Ndani ya nyumba, mama yake Ramula alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alimfia njiani, mama akibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Kisinga kwa kukosa gari.

Ramula akamwekea baba yake kamba mkononi. "Baba, kesho unarudi Kasese kubadilisha betri. Tafazali, enda nayo."

Musitafa akamgeukia Eridadi. "Ile pembe ya shetani, ulisema ilikuwa ngapi?"