Babu Anapanda Kinyumenyume

...na inzi huyu naye, Mkumbi yote hii na mavi ya ng'ombe yaliyojaa njiani, hakuona pa kutua ila kwenye kifundo cha kidole cha Gertruda, hapo hapo penye uji uliokauka, na Gertruda hana ruhusa hata ya kumpulizia, maana Devotha amesema pumzi nayo inaonekana kwenye picha, bibi, usiguse kitu, usipumue kwa nguvu, ndiyo masomo ya chuo hayo, mtoto anapelekwa Dar es Salaam anarudi kumfundisha bibi yake kupumua, na mkono umelazwa juu ya ungo tangu umande haujakauka, kiganja chini, mgongo wa mkono juu, eti huo ndio mlima, vifundo ndiyo vilele na mishipa ndiyo mito, na juu ya kilele cha katikati amesimama babu wa punje za kahawa, kichwa punje moja, tumbo punje mbili, miguu vipande vya mchele, kabandikwa kwa uji mzito wa dona unaowasha ukishaganda, na chini, ukingoni mwa ungo, ndiyo ziwa, usipa wakavu, dagaa wa ziwani, wamepangwa kichwa kwa mkia, wanang'aa kweli kama maji ya kule ziwani Kihagara jua likiwa utosini, ila maji ya Kihagara hayanuki hivi, paka ameshakuja mara mbili kulikagua ziwa na mara ya pili amefukuzwa kwa jiwe... "Bibi, mlima unatetemeka," anasema Devotha, amesimama juu ya stuli, jicho kwenye kamera ya chuo iliyofungwa kwa mpira kwenye mianzi miwili juu ya ungo, na Gertruda anataka kumwambia mlima huu umezaa watoto sita na kuchuma kahawa tangu mkoloni hajaondoka, uache utetemeke, lakini kuongea nako kumekatazwa, mtu akiongea mkono unafuata mdomo, na hapo mtoto hajakosea, mkono wa Gertruda na mdomo wake vimekuwa vikienda pamoja maisha yote, na leo vyote viwili vimefungwa, siku yenyewe ya leo, siku ambayo kuna habari mpaka zinamwagika.

Maana anasikia, masikio hayajakatazwa, huko nyuma yake kwenye michongoma kuna kandambili zinakokotwa, na anayekokota kandambili hivyo Mkumbi nzima ni wifi yake Hedwiga, na Hedwiga hajakokota kwa haraka hivi tangu siku mke wa katekista alipofumwa... hapana, hiyo baadaye, hiyo ni ndefu. "Picha," anasema Devotha, kamera inalia tik, anashuka, anasogeza babu kwa ncha ya kijiti, kidogo tu, upana wa ukucha, anapanda tena stuli, tik, anashuka, sasa hii ndiyo katuni, watu huko mjini wanakaa vitini wanacheka, kumbe nyuma yake kuna bibi kizee anawashwa, picha chungu nzima ili babu apige hatua moja, na babu mwenyewe wa kweli, Ildefonsi mwana wa mama mkwe, hakuhitaji kusogezwa na kijiti cha mtu, aliondoka kwa miguu yake miwili akiwa na koti la harusi, mwaka ule ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakapanda milimani na magari yao na mizani zao, akauza kahawa ya msimu wote asubuhi moja, akasema nashuka ziwani mara moja kuangalia biashara ya usipa, na hiyo mara moja ikajenga nyumba ya bati Kihagara, ikaoa mwanamke wa Kinyasa anaitwa Edina, mwenye mwanya, ikazaa watatu, yote hayo Gertruda anayajua, wachuuzi wa samaki walimletea vipande vipande, huyu analeta mwanya, huyu analeta bati, huyu analeta kwamba Ildefonsi anaogopa maji mpaka leo, anaoga kwa kopo kando ya ziwa lote lile, akaviunga mwenyewe kama mtu anayeshona viraka mpaka akapata shuka zima.

"Wifi," anasema Hedwiga mgongoni pake, anahema, "wifi, uko?" Swali gani hilo, anaona mgongo wa mtu na anauliza uko. "Shikamoo bibi Hedwiga, tunapiga picha, bibi haruhusiwi kuongea," anasema Devotha. "Marahaba, mjukuu wangu. Haruhusiwi kuongea? Huyu? Na hajafa?" na anacheka kile kicheko chake cha kuku anayetaga, na Gertruda anameza jibu, jibu zuri sana, limeshuka kooni kama kidonge cha malaria, na inzi ameondoka, afadhali, amerudi, na Hedwiga huyu huyu ndiye sababu ya mkono kulazwa tena leo, yeye na kidole chake, maana kazi hii ilishakwisha, ilikwisha juzi, Devotha alipokwenda Mbinga kwenye harusi ya rafiki yake akalalamika kwamba kazi itachelewa na chuo kinafunguliwa na mwalimu wake hana huruma, na Gertruda akasema moyoni kwani kuna ugumu gani, mchoro uko ukutani, kamera iko juu ya mianzi, kidole cha Hedwiga kiko bure, wakafanya wenyewe, Hedwiga akabonyeza, Gertruda akaweka mkono wa kushoto mlima na kwa mkono wa kulia akasogeza punje, akifuata ile manila ya Devotha iliyobandikwa ukuta wa jikoni, ile anayoiita storibodi, miraba, safu juu ya safu, kila mraba na picha yake ya penseli, safu ya juu babu yuko kileleni, safu ya chini yuko ziwani, na sasa analaumiwa, lakini mtu yeyote aliyezaliwa Umatengo ukimwekea miraba imesimama mbele yake ataona nini kama si ngolo, shamba letu la mlimani la nyasi zilizolazwa kwa miraba, unachimba katikati unafukia nyasi pande zote, na mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimfundisha ngolo kwa fimbo za miguuni, hatuanzii kileleni wewe binti, udongo utakuangukia, anza bondeni upande nao, na Gertruda akaanza bondeni, safu ya chini, mraba kwa mraba mpaka juu kabisa, kwa uaminifu wote, na Devotha aliporudi na maua ya harusi kichwani akabonyeza kamera zile picha zikimbie, pale kwenye kidirisha chake kidogo, akaona babu anatoka kwenye usipa na kupanda mlima.

Anapanda kinyumenyume. Hilo ndilo lililomwangusha Hedwiga chini akacheka mpaka kanga ikamtoka, babu anapanda makalio mbele, vifundo vyote vya mkono, kinyumenyume kama gari la mchanga linalorudi nyuma, kwa sababu Devotha alimchora akiondoka, amewapa mgongo, na hao vizee wawili wakampandisha vile vile alivyo, na Devotha naye alicheka, kisha akakaa kizingitini akasema polepole, "Bibi, mmemrudisha babu," na kicheko kikaisha kwa wote watatu, na Gertruda akasema hebu rudia hiyo, ikarudiwa, hebu tena, na kitu fulani kifuani kikaruka kama kuku aliyekanyagwa, kwa punje za kahawa jamani, punje za daraja la mwisho zile za kutupwa, akakasirika nazo, akakasirika mpaka leo, maana kesho yake asubuhi muuza usipa kapita na habari kwamba mzee wa Kihagara yuko njiani, anapanda, amebeba begi, na tangu hapo kuna jogoo mwekundu amefunikwa tenga pale nyuma ya choo, na Gertruda ameoga kwa sabuni ya kipande na kuvaa herini, Devotha akauliza bibi herini za nini wakati picha ni ya mkono tu, akajibiwa fanya kazi yako.

"Shabani kapiga simu," anasema Hedwiga, na sauti imeshushwa kwa heshima ya habari kubwa, "Shabani wa duka la stendi Mbinga. Amesema nikupe shikamoo yake." Marahaba Shabani, anajibu Gertruda ndani kwa ndani, mtoto ana adabu yule, waliotoka pwani huwezi kuwapata kwa salamu. "Kaka yuko dukani kwake. Kafika na gari la samaki. Kakaa juu ya gunia la chumvi na begi lake." Tik, inasema kamera. Gunia la chumvi, Mbinga nzima itakuwa imeshapita kununua chumvi ambayo haina haja nayo, na yeye yuko hapa, mkono kwenye ungo, angekuwa na miguu huru angekuwa wa kwanza, angejificha nyuma ya madebe ya mafuta amtazame vizuri, kama ana mvi, kama amebaki na meno. "Edina kahamia kwa binti yake huko Songea. Nyumba kaipiga kufuli." Aa. Aa, Edina, na mwanya wako, kumbe una akili, na Gertruda anasikia utamu unampanda hadi kwenye herini, habari kama hii ya kukaa nayo jioni nzima ukiitafuna... "Bibi, tafadhali, mlima," anasema Devotha, "hapa ndipo anapoanza kushuka, ukitetemeka nitaanza upya, na kesho basi linaondoka." Haya, haya, mlima umetulia. "Anauliza," anasema Hedwiga, "eti kile kitanda cha mninga bado kipo?" Kipo, kina kunguni wa ukoo. "Na lile bati la upande wa jikoni, lilizibwa?" Aliliziba Frederick, mwanao, ulipokuwa unaoga kwa kopo. "Na anauliza siku hizi nani anakuchotea maji, maana mgongo wake haumruhusu kubeba." Tik. Na Gertruda anasubiri, anajua habari zinavyobebwa, huwa kuna kitu mbele na hiki kimerukwa, Hedwiga kwa papara yake kakiruka, atakirudia, mtu haanzi na kitanda, hata bwana shamba anayekuja kukukemea huanza na hamjambo na wote wazima, hata barua ya msiba ilianza na salamu kwanza halafu ndiyo maiti, basi itakuwa inakuja, anasubiri, jogoo anapiga mbawa chini ya tenga. "Shabani atapiga tena sasa hivi anataka jibu," anasema Hedwiga, "nimwambie nini, wifi? Aje?"

Na salamu haijaja. Kitanda kimekuja, bati limekuja, ndoo ya maji imekuja, Shabani ambaye hata si ndugu ameleta shikamoo, na Devotha ameshuka tena kwenye stuli, ameinama, anamgeuza babu pale kileleni kwa kijiti, punje baada ya punje, ule upande bapa wenye mstari, ambao Devotha anasema ndio uso, anaulaza chini, na ule wa mviringo, laini, usio na chochote, anauweka juu, "Sasa anatupa mgongo, bibi, anaondoka," na Gertruda anatazama, karibu hivi, hajawahi kutazama punje karibu hivi na punje zimempita mkononi maisha yake yote, na mgongo wa kahawa ni mgongo tu, hauna mstari, na juzi kwenye kidirisha ndio huu huu ulikuwa unapanda, ndio uliomrusha moyo, alifurahia nini, alifurahia mgongo unaokaribia, hata pale juu kabisa, kifundo cha mwisho, punje hazikugeuka, Hedwiga alibonyeza ya mwisho na babu bado anatazama ziwani, na huyu wa gunia la chumvi naye vivyo hivyo, amefungiwa mlango huko anakotazama, sasa anarudi kwa makalio, anapapasa kwa nyuma, kitanda kipo, bati lipo, maji yapo nani anachota... na yeye kavaa herini kwa ajili ya hilo, Gertruda wewe. Hedwiga anavuta kamasi. Ah, anamjua, huvuta kamasi kwanza ndipo adanganye, tangu wote wawili wasichana. "Na anakusalimia, wifi," anasema Hedwiga, "nilisahau. Anakusalimia sana sana." Asante wifi, una moyo mzuri na uongo mbaya.

Lakini hakasiriki, hicho ndicho kinachomshangaza, tangu asubuhi amekasirikia inzi na uji na chuo na paka, na sasa pale anapostahili kukasirika kuna utulivu tu, kama mtu aliyetua kuni, na jibu limeshajitengeneza lenyewe, fupi, halihitaji hata kumkataza mtu njia, njia ni ya serikali, atamwambia Hedwiga pindi huyu mtoto akimaliza, mwambie Shabani namrudishia marahaba yake, na huyo juu ya chumvi mwambie ageuke, apande akiwa ameelekea huku, uso huku, afike hapo michongomani mwenyewe aseme Gertruda hujambo kwa kinywa chake, na mimi nitaamua nikishaona uso, na kama hilo gumu basi chumvi haiozi, akae nayo, na jogoo atafunguliwa leo leo, hana kosa, na maji nachota mwenyewe, tena kisimani ndiko kwenye habari. "Bibi, bado kidogo," anasema Devotha, anasogeza babu kutoka kwenye kilele, upana wa ukucha, kwenye mteremko kuelekea usipa, na simu inaanza kuita mkononi mwa Hedwiga, ule wimbo wake wa kwaya, "Wifi, ndiye, nimwambie nini?" na Devotha juu ya stuli, "Bibi asijibu, asijibu sasa hivi, bibi Hedwiga, hapa mkono umetulia kweli, hebu ona, haujatulia hivi tangu tuanze," na simu inaita, na inzi amerudi penye uji, anatembea taratibu juu ya vifundo nyuma ya babu, na Gertruda anamwacha.